Ngozi ya Ndege: Namna Ndege za Abiria Zinavyopakwa Rangi na Kuwekwa Alama

Katika njia panda ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na huko Benaco, wilayani Ngara, malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita mchana na usiku. Mengi yana majina, methali na picha zilizochorwa kwa brashi na mafundi wa mitaani. Fundi wa lori huchagua mahali pa kuandika kwa jicho lake. Herufi ikipinda kidogo, hakuna anayedhurika. Ndege nayo ina rangi, jina na picha, lakini kila kipande cha rangi yake kimepimwa, kimepewa mahali pake maalumu, na pengine kimekatazwa kabisa kuwapo. Makala haya yanaeleza sababu za jambo hilo. Mwanafunzi ataona kwamba fizikia, kemia na hisabati anazojifunza darasani hukutana zote katika kazi hii.

Ndege si kitu kigeni katika wilaya hizi mbili. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24. Miongoni mwa vyombo vilivyohudumia makambi yaliyofuata vilikuwamo ndege za misaada. Ndege za Umoja wa Mataifa hutambulikana kwa rangi nyeupe na herufi mbili nyeusi, UN. Hata mtu asiyejua kusoma sentensi ndefu huelewa maana yake kwa mbali. Huo ni mfano mmoja wa kazi ya rangi: kumwambia aliye nje chombo hiki ni cha nani.

Kwa nini ndege ipakwe rangi?

Sababu ya kwanza ni kuilinda ngozi ya ndege. Ndege nyingi zimefunikwa kwa mabati membamba ya aloi ya alumini. Alumini tupu hujitengenezea utando wa oksidi unaoikinga, lakini aloi za ndege huongezewa shaba na metali nyingine ili ziwe na nguvu, na nyongeza hiyo hupunguza uwezo wake wa kustahimili unyevu na chumvi. Bila rangi, ngozi hiyo huanza kuliwa polepole, hasa penye viungo na misumari ya ribiti, mahali ambapo maji hujificha.

Sababu ya pili ni joto. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mnururisho wa jua, kwa hiyo ndege iliyosimama uwanjani saa sita mchana haipati joto kali kama ingekuwa nyeusi. Jambo hili lina uzito zaidi kwa ndege za siku hizi zilizoundwa kwa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, kama Boeing 787 ambayo Air Tanzania iliipokea Julai 2018. Mata ya aina hiyo hupungua nguvu ikipata joto kupita kiasi. Tena, juu ya weupe, ufa mwembamba au mafuta yanayovuja huonekana upesi kwa fundi anayekagua.

Sababu ya tatu ni utambulisho, nao una sehemu mbili: ule unaotakiwa na sheria, na ule unaopendwa na shirika lenye ndege. Twiga wa Air Tanzania, shirika lililoanzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ni wa sehemu ya pili.

Kuitayarisha ngozi

Kazi ya kupaka rangi huchukua muda mfupi kuliko kazi ya kuitayarisha ndege. Kwanza ndege huingizwa katika banda kubwa lenye hewa safi, joto lililodhibitiwa na vichujio vya vumbi. Huoshwa, kisha madirisha, matairi, antena na matundu yote hufunikwa kwa karatasi maalumu na utepe wa kunata.

Hapo ndipo inapokuja hatari ya kwanza. Ubavuni mwa ndege kuna vitundu vidogo vinavyopima kanieneo ya hewa tuli. Vyombo vya kumwonyesha rubani kimo na mwendo hutegemea vitundu hivyo. Tarehe 2 Oktoba 1996, ndege ya Aeroperú aina ya Boeing 757 iliruka kutoka Lima, Peru, ikiwa utepe uliobandikwa juu ya vitundu hivyo wakati wa kuosha na kung'arisha haujabanduliwa. Marubani, gizani juu ya bahari, hawakuweza kujua walikuwa kimo gani wala mwendo gani. Watu wote 70 waliokuwamo walikufa. Kwa sababu hiyo utepe wa kufunikia hutakiwa uwe wa rangi inayoonekana wazi, na kila kipande kihesabiwe wakati wa kubandika na wakati wa kubandua.

Baada ya kufunika, rangi ya zamani huondolewa. Kwenye alumini hutumiwa dawa ya kuyeyusha rangi, ambayo huifanya ivimbe na kubanduka. Kwenye mata ya nyuzi za kaboni dawa hiyo yaweza kuharibu plastiki yenyewe, kwa hiyo rangi hukwanguliwa kwa msasa. Kisha alumini husafishwa na kutiwa dawa inayojenga juu yake utando mwembamba wa kemikali. Utando huo hufanya kazi mbili: huzuia ulikaji, na huifanya rangi ishike imara.

Kwa miaka mingi dawa hizo zilikuwa na kromati, misombo ya kromi ambayo hukinga metali vizuri lakini husababisha saratani kwa anayeivuta. Viwanda vingi vimekuwa vikitafuta badala yake. Mpaka rangi wa ndege huvaa vazi zima na kinyago chenye hewa kutoka nje. Si kwa kuogopa uchafu, bali kwa kulinda mapafu yake.

Kupulizia rangi

Juu ya ngozi iliyotayarishwa hupuliziwa rangi ya msingi, ambayo aghalabu ni ya epoksi, na juu yake rangi ya nje ya poliurethani. Rangi hizi hazikauki kwa kupoteza maji tu. Huwa katika vyombo viwili, na vikichanganywa, molekuli za kimoja huungana na za kingine na kufanya mtandao mmoja mgumu. Ndiyo maana fundi akishachanganya hana budi kuzitumia zote katika muda uliowekwa.

Mara nyingi matone ya rangi hupewa chaji ya umeme, na ndege yenyewe huunganishwa na ardhi. Kwa kuwa chaji zisizofanana huvutana, matone hukimbilia kwenye ngozi, hata nyuma ya mviringo ambao bomba halielekei. Rangi kidogo hupotea hewani, na unene huwa sawa kila mahali.

Rangi hiyo haina budi kunyumbuka. Tuchukue ndege aina ya Dash 8 Q400, mojawapo ya aina zinazotumiwa na Air Tanzania tangu mwaka 2016. Urefu wake ni mita 32.8. Tuseme ngozi yake ina nyuzi 35 za Selsiasi ikiwa uwanjani, na hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri ikiwa juu. Badiliko la jotoridi ni nyuzi 55. Alumini hutanuka kwa sehemu 0.000023 ya urefu wake kwa kila nyuzi moja. Basi:

32.8 × 0.000023 × 55 = mita 0.041, yaani sentimita 4 hivi.

Kila safari ngozi hiyo hujikunja na kujinyoosha kiasi hicho. Rangi ngumu isiyonyumbuka ingepasuka katika muda mfupi, na maji yangepata njia.

Uzito wa rangi

Mwanafunzi aweza kukadiria uzito wa rangi kwa hesabu nyepesi. Tuchukue kiwiliwili cha Q400 kuwa mcheduara wenye kipenyo cha mita 2.7 na urefu wa mita 32.8. Eneo la ubavu wake ni:

3.14 × 2.7 × 32.8 = mita za mraba 278.

Tuseme tabaka zote zikikauka zina unene wa mikromita 100, yaani mita 0.0001. Mjao wa rangi ni 278 × 0.0001 = mita za ujazo 0.0278, au lita 27.8. Tukichukua densiti ya rangi iliyokauka kuwa kilo 1.5 kwa lita, tunapata kilo 42 hivi kwa kiwiliwili peke yake, bila mabawa wala mkia. Huo ni uzito unaobebwa kila safari, kwa mafuta yanayolipiwa. Fundi akipaka tabaka nene maradufu, ataongeza kilo 42 nyingine zisizo na nauli. Kwa sababu hii rangi ya zamani huondolewa kabla ya kupaka mpya, wala hairundikwi juu yake.

Mahali panapohitaji uangalifu

Usukani wa mkiani na vibawa vinavyogeuza ndege vimefungwa kwa bawaba, na lazima visawazishwe kama mizani. Tuseme rangi ya nusu kilo imeongezwa, na kitovu chake cha uzito kiko mita 0.4 nyuma ya bawaba. Athari yake ni 0.5 × 0.4 = 0.2. Ili kuisawazisha kwa kizito kilicho mita 0.1 mbele ya bawaba, zinahitajika kilo 2, kwa kuwa 2 × 0.1 = 0.2. Usawa huu ukipuuzwa, kibawa chaweza kuanza kutikisika kwa kasi penye mwendo mkubwa, na mtikisiko huo ukakua hata ukavunja mkia au bawa. Kwa hiyo baada ya kupakwa rangi, vipande hivyo hupimwa upya.

Pua ya ndege huficha rada ya hali ya hewa. Rangi yenye chembe za metali hairuhusiwi hapo kwa kuwa ingezuia mawimbi ya rada, na hata rangi ya kawaida haipaswi kuzidi unene uliowekwa. Midomo ya injini na kingo za mbele za mabawa mara nyingi huachwa metali tupu, maana mchanga na mvua vingeibandua rangi upesi. Ndege zinazotua kwenye viwanja vya changarawe, kama vilivyozoeleka katika wilaya zetu, hupata mikwaruzo zaidi tumboni, kwa mawe yanayorushwa na matairi.

Kuhamisha mchoro kutoka karatasini hadi ndegeni

Mchoro wa mapambo hutengenezwa kwanza kwa skeli ndogo. Ili uhamishwe bila kukosea, ndege huchukuliwa kuwa grafu ya pande tatu. Umbali wa kwenda nyuma hupimwa kutoka mahali maalumu karibu na pua; umbali wa kwenda juu hupimwa kutoka mstari wa ulalo; na umbali wa pembeni hupimwa kutoka mstari wa katikati. Basi fundi haambiwi "andika jina karibu na mlango", hupewa nambari. Kisha huhakikisha kwa kupima kutoka kwenye vitu visivyohama, kama ukingo wa mlango au safu ya ribiti.

Zamani picha ilichorwa kwenye karatasi kubwa, mistari yake ikatobolewa vitundu vingi. Karatasi ilibandikwa ndegeni na kupigwapigwa kwa mfuko wa unga wa chaki. Ilipoondolewa, picha ilibaki kwa nukta. Siku hizi aghalabu kompyuta hukata utando wa plastiki wenye umbo la herufi, na mwanga wa leza huonyesha mahali pa kuubandika. Kanuni ni ileile ya maumbo yanayofanana: pembe hazibadiliki, na urefu wote huzidishwa kwa kiasi kimoja.

Lakini kiwiliwili ni mviringo, na hapo kanuni hiyo haitoshi. Tuchukue tena nusukipenyo cha mita 1.35. Herufi imeandikwa kwenye mviringo kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 60 juu ya ulalo. Kimo chake kikipimwa kwa utepe juu ya ngozi ni:

30 ÷ 360 × 2 × 3.14 × 1.35 = mita 0.71.

Mtu aliyesimama mbali ubavuni huona kimo cha 1.35 × (sin 60° − sin 30°) = mita 0.49 tu. Herufi iliyonyooka kwenye karatasi itaonekana imebonyea ndegeni. Mchoraji hulazimika kuirefusha kabla, ili jicho lipate umbo lililokusudiwa.

Upande wa kushoto na upande wa kulia

Maneno husomwa kutoka kushoto kwenda kulia pande zote mbili za ndege. Kwa hiyo upande wa kushoto huanzia puani, na upande wa kulia huanzia mkiani. Bendera ina desturi tofauti: upande wa mlingoti huelekezwa mbele, kana kwamba bendera inapepea kwa mwendo wa ndege. Bendera ya Tanzania huonyesha jambo hili vizuri kwa sababu mstari wake mweusi umelala mshazari, kutoka pembe ya chini penye mlingoti hadi pembe ya juu upande wa pili. Mtazamaji aliye kushoto mwa ndege ataona mstari ukipanda kuelekea kulia kwake. Aliye upande wa pili ataona ukipanda kuelekea kushoto kwake. Bendera haikukosewa, imetazamwa kwa nyuma.

Herufi za usajili

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 huagiza kila ndege isafirio kimataifa ibebe alama ya uraia na ya usajili. Tanzania hutumia 5H, Kenya 5Y, Uganda 5X, Rwanda 9XR, na Burundi 9U. Mkataba huohuo hukataza ndege moja kusajiliwa katika nchi mbili. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa mali ya nchi tatu, lakini ndege zake tano kubwa aina ya Super VC10 ziligawanywa: nyingine zilibeba 5H, nyingine 5X, na nyingine 5Y.

Kiambatisho cha 7 cha mkataba huo, kilichopitishwa mwaka 1949, huweka vipimo. Herufi ziwe kubwa na zisizo na mapambo. Kimo kisipungue sentimita 30 kwenye kiwiliwili au mkia, na sentimita 50 chini ya bawa. Upana wa kila herufi, isipokuwa I na tarakimu 1, uwe theluthi mbili za kimo. Unene wa mstari uwe sehemu moja ya sita ya kimo. Nafasi kati ya herufi isipungue robo ya upana wa herufi, na kistari huhesabiwa kama herufi.

Tuchukue usajili wa Boeing 787 iliyotajwa, 5H-TCG. Kwa kimo cha sentimita 30, upana wa herufi ni sentimita 20 na unene wa mstari ni sentimita 5. Alama ni sita: 6 × 20 = 120. Nafasi ni tano, kila moja sentimita 5: jumla 25. Basi urefu wote haupungui sentimita 145. Kwa vipimo hivyo tu, mtu wa Rusumo anaweza kujua ndege ipitayo chini ni ya nchi gani.

Alama zinazookoa maisha

Alama nyingine hazina uzuri wa twiga, lakini zina uzito kuliko mapambo yote. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, ikitoka Dar es Salaam, ilianguka katika Ziwa Viktoria ikikaribia uwanja wa Bukoba, makao makuu ya mkoa wa Kagera. Ndani yake walikuwamo watu 43. Watu 19 walikufa. Miongoni mwa waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi wenye mitumbwi yao.

Tukio hilo hutufundisha jambo ambalo mchoraji wa ndege hana budi kulikumbuka. Maelezo ya usalama husomwa kwa abiria walio ndani. Mwokoaji wa kwanza aweza kuwa mvuvi, mkulima au mwanafunzi ambaye hajawahi kuingia ndegeni. Kwake yeye, maelekezo pekee ni yale yaliyopakwa kwenye ngozi ya nje.

Kwa hiyo kanuni za ndege kubwa huagiza kila mlango wa dharura unaofunguka kwa nje uzungukwe na mstari wa upana wa milimita 51 wenye rangi inayotofautiana na ya kiwiliwili, na njia ya kuufungua ionyeshwe. Tofauti hiyo hupimwa. Ikiwa rangi nyeusi zaidi hurudisha asilimia 15 ya mwanga au pungufu, ile nyeupe zaidi haina budi kurudisha angalau asilimia 45. Ikiwa ile nyeusi zaidi hurudisha zaidi ya asilimia 15, tofauti kati yao isipungue asilimia 30.

Hali kadhalika, ndege ikiwekewa alama za mahali panapofaa kukatwa kwa shoka ili kuwafikia walionaswa, alama hizo ni pembe nne za rangi nyekundu au ya manjano, na huzungushiwa mstari mweupe ikiwa rangi ya kiwiliwili inazificha. Pembe zikiachana zaidi ya mita 2, mistari midogo ya sentimita 9 kwa 3 huongezwa kati yake.

Shirika likitaka kupitisha utepe mwekundu wa mapambo juu ya mlango wenye mstari mwekundu, mhandisi lazima akatae, hata kama mchoro unapendeza.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Tafuta urefu usiopungua wa 5H-TCG chini ya bawa, kimo kikiwa sentimita 50. (Jibu: sentimita 242 hivi.)

2. Kiwiliwili hurudisha asilimia 45 ya mwanga, na mstari wa mlango asilimia 20. Je, kanuni imetimizwa? Eleza.

3. Chora bendera ya Tanzania kama ionekanavyo ubavuni kulia mwa ndege inayoelekea kulia kwako.

4. Tengeneza bomba la karatasi ngumu. Liandikie jina la shule yako juu ya ulalo, kisha litazame ubavuni kutoka mbali. Rekebisha herufi mpaka zionekane zimenyooka, upime umeongeza kiasi gani.

5. Tazama basi au gari la wagonjwa lililo karibu na shule. Je, mtu asiyelijua anaweza, kwa kutazama nje tu, kujua mahali pa kulifungua wakati wa ajali? Pendekeza alama zifaazo, pamoja na rangi na vipimo vyake.